Taijiquan na Askari: Faida Yake na Mpaka Wake



Tangu Rwanda na China zilipoanzisha uhusiano wa kibalozi tarehe 12 Novemba 1971, tumepata kwa Wachina barabara ya Kigali hadi Rusumo, na madaktari tangu mwaka 1982. Mwaka 2009 ilifunguliwa mjini Kigali Taasisi ya Confucius, inayofundisha lugha na utamaduni wa Kichina. Kungfu nayo imeota mizizi miongoni mwa vijana wetu. Lakini taijiquan, iitwayo na wengi tai chi, bado huwashangaza watu: huchezwa polepole kana kwamba mchezaji yumo majini. Je, ina faida gani kwa mtu aliyekabidhiwa silaha?

Jibu laanzia kwa askari wenyewe. Katika karne ya 16, Jenerali Qi Jiguang, aliyewapiga maharamia katika pwani ya China, aliandika kitabu cha mafunzo ya jeshi, na ndani yake akaeleza mikao 32 ya kupigana kwa mikono mitupu. Jenerali huyo hakuficha ukweli: alisema mapigano hayo hayaamui vita kubwa, bali huzoeza viungo, nayo ni mlango wa kuingilia mafunzo ya silaha. Karne iliyofuata, Chen Wangting, naye akiwa mwanajeshi, alianzisha mchezo wa ukoo wake katika kijiji cha Chenjiagou, jimbo la Henan. Wanahistoria wengi huutaja kuwa chimbuko la taijiquan. Katika karne ya 19 Yang Luchan, aliyejifunza kijijini hapo, aliufikisha Beijing akawafundisha walinzi wa mfalme. Mtindo mwepesi wa hatua 24, unaochezwa leo duniani kote, ulitungwa na serikali ya China mwaka 1956 kwa ajili ya afya ya raia.

Polepole hiyo ina sababu. Mchezaji hukunja magoti kidogo, huhamishia uzito wote mguu mmoja kabla ya kuinua wa pili, na mikono hufuata kiuno. Mwendo wa haraka huficha kosa. Mwendo wa polepole hulifichua. Kisha huja zoezi la watu wawili, kusukumana mikono: mmoja akisukuma, mwenzake hampingi, bali humpisha mpaka nguvu zake zenyewe zimwangushe. Polisi anayemkamata mtu mkaidi anahitaji ujuzi huo. Aliyekakamaa kwa hasira hupiga kupita kiasi. Aliyetulia hushika, huzuia, na humfikisha mtuhumiwa kituoni akiwa mzima.

Hata hivyo, tusidanganyike. Mwezi Aprili 2017, mjini Chengdu, Wei Lei, aliyejiita mwalimu wa taijiquan, alipambana na Xu Xiaodong, mpiganaji wa ulingoni, akaangushwa kabla ya nusu dakika kupita. Tukio hilo halikuthibitisha kwamba taijiquan haina thamani. Lilithibitisha kwamba anayejua mikao bila kuzoea mpinzani wa kweli hajui kupigana. Qi Jiguang alikwisha kuonya juu ya mbwembwe zisizo na kazi vitani.

Kwa hiyo mwalimu huchaguliwa kwa kazi yake. Mwalimu mwema hutaja alikojifunza, husahihisha goti na mgongo wa mwanafunzi mmoja mmoja, humkutanisha na mwenzake anayepinga kwa nguvu, wala haahidi miujiza. Anayedai kumwangusha mtu bila kumgusa, na aachwe na maneno yake.

Ndugu wasikilizaji, mwaka 2020 UNESCO iliiandika taijiquan katika orodha ya urithi wa binadamu. Kwa askari, urithi huo hauchukui nafasi ya kwata, shabaha wala mafunzo ya kukamata. Humfundisha jambo ambalo silaha haiwezi kumfundisha: kuzitawala nguvu zake mwenyewe kabla ya kuzitumia juu ya mwingine. Raia anayesimamishwa barabarani usiku hana kinga nyingine iliyo karibu naye zaidi ya utulivu wa askari aliye mbele yake.