Sarajevo kwa Msafiri wa Pekee Mwenye Fedha Kidogo

Watu wetu wanaojaaliwa kufika Ulaya kwa masomo au kwa kazi, wakipata likizo fupi na akiba ndogo, aghalabu huelekea London, Paris au Roma, wakatumia kwa siku chache kile walichokikusanya kwa miezi; alhali kusini-mashariki ya bara hilo, katika bonde jembamba lililozungukwa na milima, umo mji mkuu wa Bosnia na Herzegovina, usiomtaka mgeni wake awe tajiri. Nchi hiyo haimo katika Umoja wa Ulaya wala katika eneo la Schengen, kwa hiyo ruhusa ya kuingia ni shauri la kuulizwa ubalozini kabla ya kulipa nauli. Fedha yake ni marka, nayo thamani yake imefungwa na ya yuro, yuro moja kwa marka mbili kasoro kidogo.

Malazi yatafutwe karibu na Baščaršija, soko la kale la zama za Waosmani, maana hapo karibu kila cha kutazamwa hufikiwa kwa miguu. Katika vichochoro vyake mafundi wangali wakigonga masinia na midila ya shaba mbele ya wapitaji, na moshi wa nyama ya kuchoma humwongoza mwenye njaa bila ya kuuliza njia. Nyama hiyo, ćevapi, hufinyangwa vipande vidogo kama vidole, vikauzwa vitano au kumi ndani ya mkate wa moto pamoja na kitunguu kibichi, na apendaye huongeza malai. Ni chakula cha mtu mmoja, cha kushibisha, na hakuna atakayekutazama kwa huruma kwa kuwa umeketi peke yako. Kahawa nayo huletwa juu ya sinia dogo, katika mdila, na finjani isiyo na mkono, na sukari, na kipande cha rahat lokum. Kisha mwenye duka huenda zake, asirudi kukuharakisha, hata ukaona kwamba kwa bei ya kahawa moja umekodi kiti kwa alasiri nzima. Maji ya kunywa ni ya sabili, nayo hububujika bure sokoni.

Kando ya msikiti uliojengwa mwaka 1531 na Gazi Husrev-beg, aliyekuwa liwali wa Bosnia kwa niaba ya Sultani, umesimama mnara wa saa ambao wageni wa Kizungu hudhani umeharibika, kwa sababu mishale yake haiafikiani na saa walizovaa mkononi. Mswahili hatastaajabu kiasi hicho. Saa ile huhesabu tangu kuchwa kwa jua, ikatimia kumi na mbili kamili wakati wa adhana ya magharibi, kama tusemavyo sisi kila jioni. Ila sisi tulio karibu na ikweta jua letu hutua takriban wakati mmoja mwaka mzima, hali Sarajevo, kwa hesabu yetu, mwezi wa Disemba hutua yapata saa kumi na dakika kumi alasiri, na mwezi wa Juni halitui mpaka saa mbili na nusu usiku. Ndiyo maana lazima awepo mtu, aitwaye muvekit, wa kupanda mnarani na kuirekebisha saa hiyo ili iende sambamba na jua.

Mwendo mfupi kutoka hapo, juu ya Miljacka, mto usio na kina cha kutisha, liko Daraja la Kilatini, na karibu nalo ndipo tarehe 28 Juni 1914 kijana wa miaka 19, Gavrilo Princip, alipowapiga risasi Franz Ferdinand, mrithi wa ufalme wa Austria na Hungaria, na mkewe Sophie. Watalii husoma kibao, hupiga picha, huondoka. Kwa maoni yangu mtu wa Afrika ya Mashariki anayo haki ya kusimama zaidi, kwani kabla ya mwaka ule kwisha vita vilivyotokana na risasi zile vilikuwa vimekwisha fika Tanga, na baadaye maelfu kwa maelfu ya wapagazi wa Kiafrika wakafa kwa njaa na maradhi, wamebeba mizigo ya ugomvi ambao asili yake hawakuelezwa. Kariakoo ya Dar es Salaam ni mahali palipokuwa kambi yao. Na Jenerali wa Kijerumani von Lettow-Vorbeck hakuweka silaha chini, kule Abercorn, ndiyo Mbala ya leo, mpaka tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya mizinga kunyamaza Ulaya.

Vita vya karibu zaidi vimeacha alama zinazoonekana kila mahali. Tangu Aprili 1992 hata Februari 1996 mji huu ulihusuriwa, mizinga ikiwa imepangwa vilimani. Vijećnica, jumba la maktaba kuu, liliungua Agosti 1992, nalo halikufunguliwa tena mpaka 2014. Matundu ya makombora barabarani, mahali walipouawa watu, yamejazwa utomvu mwekundu, na mpitaji wa heshima huyakwepa kwa mguu wake. Mwenye kubana matumizi abane penginepo, lakini alipe kiingilio cha njia ya chini ya ardhi huko Butmir, yenye urefu wa takriban mita 800, iliyochimbwa mwaka 1993 chini ya uwanja wa ndege ili chakula kiingie na majeruhi watoke. Tramu namba 3 humfikisha Ilidža, na kutoka hapo si mbali. Habari za vita asiwaulize wenyeji kwanza. Wengi husimulia wenyewe, hasa kwa mgeni aliye peke yake.

Siku ya mwisho ni ya mlima Trebević. Gari la kamba, lililoharibiwa vitani na kurudishwa mwaka 2018, humtoza mgeni zaidi ya mwenyeji, kwa hiyo anunue tikiti ya kupanda tu, kisha ashuke kwa miguu kwa kufuata mfereji wa zege wa mashindano ya Olimpiki ya baridi ya 1984, ambao sasa vijana wameujaza rangi na michoro. Asiiache njia iliyokanyagwa, kwa sababu mlima huu ulitegwa mabomu wakati wa vita. Na mvua ikiwa imenyesha, zege likateleza, asione choyo, arudi kituoni akanunue tikiti ya kushuka.