Hari ya Jua na Namna ya Kumwokoa Aliyepatwa

Katika siku za Hija za mwezi wa Juni, mwaka 2024, hari ya Makka ilifika digrii 51.8, na serikali ya Saudia ikatangaza kwamba mahujaji 1,301 wamefariki. Wengi wao walitembea masafa marefu juani bila ya kivuli wala pahali pa kupumzikia. Twawaombea rehema, na yatupasa sisi tuliobaki tujifunze.

Wako wadhanio kwamba kuvumilia jua hata mtu aanguke ni katika subira. Sivyo. Mwili hujipoza kwa jasho. Maji yakipunguka na hari ikizidi, hushindwa kujipoza.

Dalili za mwanzo ni jasho jingi, kiu, kuumwa na kichwa, kizunguzungu, moyo kuchafuka na misuli kukaza. Mwenye dalili hizi aondolewe juani mara moja, alazwe kivulini na miguu iinuliwe, nguo zilegezwe, aroweshwe maji na apepewe, na anywe maji ya baridi kidogo kidogo. Ikipita nusu saa asione nafuu, apelekwe kwa daktari.

Lakini akianza kusema ovyo, au kupepesuka, au akashikwa na kifafa, au akazimia, huo si uchovu tena, bali ni hatari ya mauti, hata kama jasho lingali likimtoka. Joto la mwili huwa limefika digrii 40 au kupita. Iitwe gari ya wagonjwa papo hapo, wala watu wasingoje wakimtazama: amwagiwe maji mwili mzima, apepewe kwa nguvu, na barafu iliyofungwa kwa nguo iwekwe shingoni, kwapani na kwenye kinena. Aliyepotewa na fahamu alazwe ubavu, wala asinyweshwe kitu. Vidonge vya homa havimfai, kwani joto hili silo la homa.

Na aliyehirimia asiogope: kujimwagia maji yasiyo na manukato na kujifunika mwavuli hakuharibu ihramu yake, na mgonjwa asiyeweza kutupa mawe humweka naibu.

Basi kila nyumba inayomuaga haji wake, pamoja na dua na masurufu, impe mwavuli, chupa ya maji, na mwenzi azijuaye dalili hizi. Kwani aliyerukwa na akili kwa hari hawezi kujiombea msaada mwenyewe.