Pete moja, mwaka mmoja? Mtego wa swali la ufahamu

Kwenye maswali ya ufahamu, jibu linalonasa wengi si lile la uongo mtupu. Ni lile lenye ukweli ambao kifungu hakikuusema, au kilichousema kwa sharti. Soma hiki tulichokitunga:

“Penye msimu mmoja wa mvua na kiangazi kirefu, miti mingi hukua wakati wa mvua kisha hupumzika, na kila mwaka huacha pete moja kwenye shina. Mvua ikiwa nzuri pete huwa pana; ukame ukija huwa nyembamba. Mtafiti hulinganisha mpangilio huo katika boriti ya zamani na ule wa miti ambayo mwaka wake wa kukatwa unajulikana. Kama pete ya mwisho chini ya gome bado ipo, atajua mti wa boriti ulikatwa mwaka gani.”

Kwa mujibu wa kifungu, kauli ipi ni sahihi?

A. Kila mti huongeza pete moja kwa mwaka.
B. Kuhesabu pete za boriti kunatosha kujua mwaka mti ulipokatwa.
C. Mpangilio wa pete pana na nyembamba husaidia kujua mwaka mti ulipokatwa.
D. Mbinu hii iliasisiwa na A. E. Douglass, mwanaastronomia wa Marekani.

D ni kweli kabisa, lakini kifungu hakijamtaja Douglass. Iache.

A itamvuta sana mwanafunzi wa Iringa au Mbeya. Kwao mvua huanza karibu Novemba na kuisha Aprili au Mei, kisha ni kiangazi. Akitazama kisiki cha msindano kule Sao Hill, Mufindi, kauli hiyo ataiona sawa tu. Lakini Kilimanjaro kuna vuli na masika, na mti unaweza kuweka pete mbili kwa mwaka. Hata Nyanda za Juu Kusini, mvua ikikatika katikati ya msimu pete ya uongo inaweza kujitokeza. Ndiyo maana kifungu kimeweka sharti, “penye msimu mmoja wa mvua”. A imelimeza.

B inachanganya umri na tarehe. Pete 60, kila moja ikiwa ya mwaka mmoja, zinakwambia mti uliishi angalau miaka 60, basi. Ni kama kuambiwa marehemu aliishi miaka 60 bila kutajiwa mwaka aliofariki.

Jibu ni C. Linganisho la mipangilio ndilo linaloziunganisha pete na kalenda.

Umakini huu hauishii kwenye mtihani. Watafiti wamesoma pete za mtundu, mti wa miombo, ili kuzijua mvua za zamani. Pete moja ya uongo ikihesabiwa kama mwaka, ukame wote wa kabla yake unasogezwa mwaka mmoja nyuma.

Kwa hiyo, kabla hujachagua, weka kidole kwenye sentensi inayothibitisha jibu lako. Ukikutana na “kila”, “yote” au “inatosha”, rudi kutafuta sharti.