Fujo Baada ya Bomu

Wapo wenzetu wanaovuka mpaka pale Sirari kwenda kutafuta riziki Kenya. Basi yafaa tujue yaliyotokea Nairobi mwaka 2012.

Jumapili, tarehe 18 Novemba, bomu lililipuka ndani ya matatu mtaani Eastleigh. Abiria waliuawa. Kesho yake vijana wenye hasira wakawageukia Wasomali wa mtaa ule ule. Walirusha mawe, wakavunja maduka. Wasomali nao wakajibu kwa mawe. Polisi wakapiga mabomu ya machozi.

Sasa jiulize: yule mwenye duka ndiye aliyetega bomu? Yeye pia ni mkazi wa Eastleigh, na bomu halichagui kabila. Tena askari anayekimbizana na warusha mawe atamtafuta saa ngapi mtega bomu?

Ukikuta fujo mjini usisogee kutazama. Watazamaji nao huumia! Ingia nyumba ya karibu, kaa mbali na madirisha. Moshi wa machozi ukikupata, usifikiche macho. Nenda penye hewa safi, unawe kwa maji mengi. Huku kwetu Tanzania, polisi huitwa kwa simu namba 112.