Okidi Hainyonyi Mti: Weka Panga Chini Kwanza

Je, umewahi kuona mmea umekaa juu ya tawi la mti, mizizi yake myeupe inaning'inia hewani, halafu baada ya mvua ukatoa maua ya kupendeza? Wengi wetu tukiona hivyo tunachukua panga. Tunasema, "Huu unanyonya mti, utaukausha." Kumbe tunaua mmea usio na hatia. Huenda hiyo ni okidi.

Huko Marekani, tarehe 16 Aprili huitwa Siku ya Okidi, siku ya kuyafurahia maua haya. Sisi hatuna haja ya kungoja tarehe. Kenya ina aina zaidi ya 200 za okidi, nyingine juu ya miti, nyingine ardhini kwenye nyasi, na tunazipita kila siku bila kuzijua.

Je, hainyonyi mti?

La. Kinachonyonya mti ni kirukia. Hicho huzamisha mizizi ndani ya tawi na kuiba maji ya mti. Okidi hushika gome tu, kama mtoto aliyepanda mti ili aone mbali. Mizizi yake imevikwa ngozi nyeupe iliyo kama sponji, nayo hufyonza maji ya mvua. Chakula inajitengenezea yenyewe kwa majani yake.

Basi kabla ya kukata, tazama pale mmea unaposhikana na mti. Ikiwa mizizi inatambaa juu ya gome, uache. Ikiwa mmea umechomoza kutoka ndani ya tawi na tawi limevimba, hicho ni kirukia, kata.

Mfano mzuri ni okidi ya chui, ambayo huota Pwani na sehemu nyingine zenye joto. Maua yake ni ya manjano yenye madoa ya kahawia. Mizizi yake mingine husimama wima kama sindano na kufanya kikapu cha kunasa majani makavu yanayoanguka. Majani yakioza, hiyo ndiyo mbolea yake.

Kwa nini zinapungua?

Tunda moja la okidi laweza kuwa na mbegu nyingi sana, ndogo kama vumbi. Lakini mbegu hizo hazina akiba ya chakula kama punje ya mahindi. Ni lazima zikutane na kuvu fulani ya kuzilisha ndipo ziote. Nyingi hupotea. Ile inayoota huchukua miaka kadhaa kabla ya kutoa ua la kwanza. Kwa hiyo mti mkubwa ukikatwa kwa makaa, okidi zilizo juu yake haziwezi kurudi upesi.

Jirani zetu wa Tanzania wameyaona haya. Katika nyanda za juu za kusini watu walichimba viazi vya okidi za ardhini na kuviuza Zambia, ambako husagwa na kupikwa pamoja na karanga kuwa chakula kiitwacho chikanda. Ukichimba kiazi, mmea umekwisha. Mwaka 2005 uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, ulifanywa hifadhi ya taifa ili maua yake yalindwe.

Kuna faida gani?

Vanila tunayotia kwenye keki ni tunda la okidi. Asili yake ni Meksiko. Ilipopelekwa kwingine ilitoa maua bila matunda ya maana. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, kijana mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius, aligundua namna ya kuchavusha ua kwa kijiti chembamba na kidole gumba. Njia hiyo ndiyo wakulima wa Madagaska na Uganda wanaitumia hadi leo. Wengine walitajirika, lakini Edmond mwenyewe alikufa maskini mwaka 1880. Hapo pia tuna la kujifunza: mwenye ujuzi apewe haki yake.

Tufanye nini?

1. Usikate mmea wa juu ya mti kabla ya kuutambua.
2. Mti wa shambani kwako ukianguka, okoa okidi zake. Zifunge kwa kamba ya katani kwenye mti mwingine wenye kivuli kidogo. Usizizike udongoni, zitaoza.
3. Usinunue okidi iliyong'olewa msituni. Kuivusha mpaka kunahitaji kibali, kwa maana okidi zote zimo katika mkataba wa kimataifa wa CITES.
4. Wafundishe watoto. Wao ndio hupanda miti na kuona yaliyo juu.

Ndugu msomaji, panga ni kazi ya dakika moja. Ua la okidi ni kazi ya miaka. Kesho ukipita chini ya mti, inua macho kwanza.