Jiwe Lisilochongwa: Jedi ya Kichina, Shanga za Kibiti na Bakuli la Kaburini

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi kitu kilichosafiri mbali kinavyopata maana ya ibada, na jinsi maana hiyo inavyoweza kupotea. Mfano wa kuanzia uko Mkukutu, karibu na Kibiti, katika eneo la delta ya Rufiji. Mahali hapo palifukuliwa katika miaka ya 1990 na Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, naye mwaka 1999 alitoa taarifa ya shanga za kioo alizozitambua kuwa za Kirumi. Taarifa hiyo ilivuta macho ya wengi kwa kuwa Periplus, kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1 B.K., kinalitaja soko la Rhapta na bidhaa zilizopelekwa pwani hii, zikiwamo mikuki, mashoka na aina kadhaa za mawe ya kioo. Mwandishi hakuridhika na neno kioo peke yake, aliongeza mawe.

Hata hivyo, kitabu hicho kinatuonyesha shehena tu. Hakisemi shanga zilivaliwa na nani baada ya kushushwa ufukoni, wala zilitumika katika tambiko lipi. Ili kuupima uzito wa kimya hicho, yafaa kwanza tuitazame China, nchi ambayo vitu vyake vya ibada vina maandishi mengi ya kuvieleza.

Jiwe linalohusika ni jedi. (Tunaepuka kuandika jadi, kwa kuwa neno hilo tayari lina kazi nzito katika lugha yetu.) Watu wa utamaduni wa Liangzhu, katika jimbo la sasa la Zhejiang, waliishi takriban kati ya miaka ya 3300 na 2300 K.K., na waliwazika wakuu wao pamoja na vitu vingi vya jedi. Viwili ndivyo mashuhuri: bi, sahani bapa ya duara yenye tundu katikati, na cong, mche wenye pembe nne kwa nje na tundu la duara kwa ndani. Aghalabu husemwa kwamba vilichongwa, lakini kitenzi hicho kinapotosha. Kuchonga kwa Kiswahili kunadai makali: tezo, shoka, patasi. Nyuzi za jedi ya aina ya nefraiti zimesokotana mno hata makali ya kawaida hayafui dafu. Mafundi wale, wasio na chuma, waliisaga kwa mchanga mgumu na maji, wakivuta kamba na kuzungusha keekee. Hivyo jedi husagwa na kusuguliwa, na saburi iliyotumika ni sehemu ya thamani yake.

Maana yake je? Zhouli, kitabu cha kanuni za ibada, husema kwamba bi ni ya mbingu na cong ni ya ardhi. Wanafunzi hulinukuu jibu hilo kana kwamba limetoka kaburini. Ukweli ni kwamba kitabu hicho kiliandikwa yapata miaka elfu mbili baada ya Liangzhu kutoweka. Kinachotoka Liangzhu yenyewe ni mahali vitu vilipolazwa: kando ya mwili gani, vingapi, na katika kaburi la hadhi gani.

Katika jimbo hilohilo la Zhejiang, karne nyingi baadaye, wafinyanzi wa Longquan walitafuta rangi ya jedi kwa njia ya moto. Chuma kidogo ndani ya rangi ya kung'arisha, kikichomwa katika tanuri lenye hewa haba, hutoa ukijani mtulivu. Wakati wa Song ya Kusini (1127–1279) walipaka rangi hiyo tabaka juu ya tabaka, na hata wakafinyanga vyombo vyenye umbo la cong. Vyombo vya kijani vya Longquan vilisafirishwa hadi Kilwa na bandari nyingine za pwani yetu. Kwa hiyo, mwonekano wa jedi ulitufikia kwa sura ya bakuli.

Nasi tuliufanyia nini? Tuliupa jina la kauri, neno ambalo pia ni la gamba la baharini. Waitaliano nao waliviita vyombo vya Kichina kwa jina la gamba hilohilo, porcellana. Mng'ao mmoja uliwashawishi watu wa bahari mbili. Zaidi ya jina, Waswahili walivipa mahali. Mabakuli ya Kichina yalipachikwa katika makaburi ya nguzo, kama yale ya Kaole, kusini mwa Bagamoyo. Bakuli lililotengenezwa kwa chakula likageuka kuwa kitu cha heshima ya marehemu, na hakuna kitabu cha Kichina kinachoeleza mageuzi hayo. Yanaelezwa na nguzo.

Hapa ndipo tunaporejea Kibiti. Kuziita shanga za Mkukutu "bidhaa" ni kusoma Periplus badala ya kusoma udongo. Pwani hii shanga za kiunoni zimekuwa sehemu ya mafunzo ya mwali, na si busara kudhani kwamba wa kale walizihesabu kama fedha tu. Kinachoweza kutuambia ni kina cha tabaka, vigae vilivyokuwa jirani, na majivu au mifupa iliyoandamana nazo. Ushanga ukiokotwa na kuuzwa bila hayo, hubaki kioo. Kaole hasara hiyo inaonekana kwa macho: katika nguzo kadhaa yamebaki mashimo ya duara, na bakuli lililong'olewa, hata likihifadhiwa vizuri kabatini, haliwezi tena kutueleza lilielekea wapi wala lilikuwa la kaburi la nani.