Wingu na Umbali: Mpangilio wa Kuhamisha Mifumo ya Ofisi

Kampuni nyingi za kati za Afrika Mashariki zilizoanza kutumia kompyuta kabla ya mikonga ya baharini kufika mwaka 2009 na 2010 zilitegemea seva moja, yaani kompyuta kuu inayotunza mafaili, barua pepe na hesabu za kampuni nzima, ambayo kwa kawaida huwekwa katika chumba chenye kiyoyozi na kuunganishwa na betri ya akiba ili isizimike ghafla umeme unapokatika. Mpangilio huo ulikuwa na mantiki yake. Intaneti ilikuwa ghali na ya kusuasua, hivyo kila kilichohitajika kila siku kilipaswa kuwa ndani ya jengo, na waliotunga programu za uhasibu za wakati huo walichukulia kwamba kati ya karani na data anazozitafuta kuna waya wa mita chache tu. Dhana hiyo ya ukaribu ndiyo inayoisumbua zaidi kampuni inapoamua kuhamia kwenye wingu, na ndiyo ambayo wauzaji wa huduma hizo huitaja kwa nadra.

Wingu, kwa maana ya kitaalamu, ni utaratibu wa kukodi uwezo wa kompyuta zilizo katika vituo vikubwa vya data na kuutumia kupitia mtandao. Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani, katika fasili yake ya mwaka 2011, iliutambulisha kwa sifa tano: mteja hujihudumia bila kumsubiri fundi, huduma hufikika kwa vifaa vya kawaida, mitambo hutumiwa kwa pamoja na wateja wengi, uwezo huongezwa au kupunguzwa haraka, na matumizi hupimwa. Hakuna hata moja kati ya hizo inayosema kwamba umbali umeondoka. Microsoft ilifungua vituo vyake Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafuata mwaka 2020 na Google mwaka 2024, lakini si kila huduma wanayoiuza hutolewa kutoka huko, na kampuni ya Dar es Salaam au Mombasa isiyouliza mahali zilipo data zake inaweza kujikuta inatumia kituo kilichoko Ulaya.

Athari ya umbali huo inakokotolewa kwa urahisi. Mwanga husafiri ndani ya nyuzi za mkonga kwa kasi ya takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenye njia yenye kilomita 10,000 ombi na jibu lake huchukua milisekunde 100 hata kabla ya kuhesabu ucheleweshaji wa mitambo ya njiani. Kwa mtu anayesoma barua pepe muda huo hauonekani. Programu ya uhasibu ya kizamani, hata hivyo, hufanya kazi kwa namna nyingine: inapoandaa ripoti ya wadaiwa yenye mistari 2,000, huenda ikaiuliza hifadhidata, yaani ghala la kumbukumbu zilizopangwa kwa majedwali, swali moja kwa kila mstari, na kusubiri jibu kabla ya kuuliza jingine. Ndani ya jengo, ambako swali na jibu huchukua milisekunde moja, ripoti hutoka kwa sekunde mbili. Hifadhidata ikipelekwa mbali huku programu ikibaki mezani kwa mhasibu, ripoti ileile huchukua sekunde 200. Katika hali hiyo mameneja wengi hukimbilia kununua intaneti yenye kasi kubwa zaidi, na fedha hizo hupotea bure, kwa kuwa kasi inayouzwa ni wingi wa data zinazopita kwa sekunde na si muda wa safari ya ombi moja. Kuipanua Barabara ya Morogoro hakupunguzi kilomita za kwenda Dodoma.

Kutokana na hayo, mpangilio wa uhamisho unapaswa kufuata jinsi kila mfumo unavyostahimili umbali, na si ukubwa wake wala cheo cha idara inayoutumia. Barua pepe hutangulia, kwa sababu tangu asili yake ilibuniwa kusafiri na kungoja. Kinachohamishwa hapo, pamoja na barua zenyewe, ni rekodi ya kikoa, yaani maelekezo yanayoiambia dunia ni seva ipi inapokea barua za kampuni. Rekodi hiyo hubeba muda wa kuhifadhiwa kwenye kumbukumbu za seva nyingine, na muda huo ukiwa sekunde 86,400 mabadiliko huweza kuchukua siku nzima kuenea. Fundi makini huushusha hadi sekunde 300 siku mbili tatu kabla ya kuhama. Matatizo hutokea kwa vitu vilivyosahaulika: skana ya mapokezi inayotuma nyaraka kupitia seva ya zamani, au programu ya ankara ambayo haikuongezwa kwenye orodha ya watumaji walioidhinishwa wa kikoa, hivyo ankara zake zikaanza kuangukia kwenye barua taka za wateja bila mtu yeyote ofisini kujua, hadi mwisho wa mwezi malipo yanapochelewa.

Mafaili hufuata, nayo yana ugumu wa uzito. Terabaiti mbili za mafaili, zikipakiwa kwa kasi ya megabiti 20 kwa sekunde usiku na mchana bila kukatika, huchukua zaidi ya siku tisa, jambo ambalo peke yake linatosha kuilazimisha kampuni ichambue yapi yanafaa kuhamishwa na yapi ni nakala ya nakala. Viungo vya ndani pia huvunjika: jedwali la Excel linalovuta bei kutoka faili jingine lililo kwenye diski iliyozoeleka kwa herufi Z halitalikuta faili hilo litakapohamia kwenye anwani mpya, na mara nyingi litaendelea kuonyesha bei za zamani kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Uhasibu ndio wa mwisho. Kampuni inaweza kununua programu mpya iliyotungwa kwa ajili ya intaneti, ambayo hukusanya maswali yake na kuyatuma kwa pamoja, au ikaihamisha programu ya zamani pamoja na hifadhidata yake ili zibaki jirani ndani ya wingu, na kinachosafiri hadi ofisini kiwe taswira ya skrini tu. Njia ya pili hudharauliwa na wataalamu wanaopenda mambo mapya, lakini kwa kampuni ambayo wahasibu wake wamezoea programu yao kwa miaka 15 ni ya busara. Gharama yake huhitaji kuangaliwa kwa karibu: seva ya kukodi iliyoachwa ikiwaka mfululizo hulipiwa saa 720 kwa mwezi wa siku 30, ilhali siku 22 za kazi za saa kumi ni saa 220 tu, na ankara yenyewe mara nyingi huja kwa dola, ambayo nchini Kenya iliuzwa kwa takriban shilingi 160 Januari 2024 na takriban 130 miezi michache baadaye.

Umbali huleta pia udhaifu wa njia. Tarehe 12 Mei 2024 mikonga ya EASSy na Seacom ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Kampuni inayonunua intaneti kwa watoa huduma wawili hudhani imejikinga, lakini kinga hiyo haipo ikiwa wote wawili wanapitisha data zao katika mkonga uleule. Swali la mkonga ambao kila mmoja anautumia huulizwa kabla ya kutia saini mkataba.

Mtoa huduma wa wingu hulinda majengo na mitambo, wakati nywila, ruhusa na nakala rudufu kwa kawaida hubaki mikononi mwa mteja. Moto ulioteketeza kituo cha OVHcloud mjini Strasbourg tarehe 10 Machi 2021 uliwaachia hasara ya kudumu baadhi ya wateja ambao nakala zao zilikuwa mahali palepale. Wajibu wa kisheria nao hauhamishiki: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, huweka masharti juu ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi, na orodha ya mishahara ni taarifa za watu.

Seva ya zamani haipaswi kuuzwa mnadani mara tu kazi inapokamilika. Sheria za kodi za Tanzania na Kenya hutaka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka mitano, na data zilizohamishwa bila programu inayoweza kuzisoma hazitamridhisha mkaguzi. Ni afadhali iwekwe katika hali ya kusomwa tu, bila kuruhusu maingizo mapya, hadi hesabu za mwaka mzima zifungwe katika mfumo mpya na ripoti za miaka iliyotangulia zijaribiwe kutolewa huko, ndipo diski zake zifutwe kabisa.